Ratili au Kilo? Kusoma Vipimo vya Kigeni kwa Usalama wa Mgonjwa

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki hupima uzito kwa kilo, urefu kwa sentimita na joto la mwili kwa nyuzi za Selsiasi. Akihamia Marekani, au akiletewa kutoka huko mizani, kipimajoto ama chupa ya maziwa ya mtoto, hukutana na ratili, futi, wakia na nyuzi za Farenhaiti. Tarakimu ni zile zile, lakini maana yake ni nyingine; na katika tiba, tofauti hiyo huweza kudhuru.

Uzito

Ratili, ambayo alama yake ni lb, ni sawa na kilo 0.45. Ili kupata kilo, idadi ya ratili hugawanywa kwa 2.2. Mtoto mwenye ratili 22, kwa hiyo, ana kilo 10. Akiandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, dozi yake ni miligramu 150. Iwapo mizani itaonyesha 22 na msomaji akadhani ni kilo, mtoto huyo atapewa miligramu 330, zaidi ya maradufu. Dozi hiyo ikirudiwa mara kwa mara, ini huweza kuumia. Kosa la kinyume nalo lina hatari: mtoto wa kilo 10 akihesabiwa kuwa ana ratili 10, atapata chini ya nusu ya dawa anayoihitaji.

Joto

Kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi, toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Nyuzi 98.6 ni sawa na 37, nyuzi 100.4 ni 38, kiwango ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa homa. Nyuzi 104 ni 40. Wapo wanaotumia njia ya mkato: toa 30, gawanya kwa 2. Kwa hali ya hewa njia hiyo yatosha, lakini kwa mgonjwa haifai kamwe. Nyuzi 104 zikikokotolewa hivyo huwa 37, na homa kali huonekana kama afya njema.

Urefu na ujazo

Futi moja ina inchi 12, si 10, na kila inchi ni sentimita 2.54. Futi 5 na inchi 7 ni sentimita 170. Zikiandikwa kama futi 5.7, huwa karibu sentimita 174. Wakia, yenye alama oz, hupima uzito na pia ujazo. Katika chupa ya mtoto hupima ujazo: wakia 4 za Kimarekani ni takriban mililita 120.

Hatua za kufuata

Mhudumu wa afya athibitishe kizio kabla ya kusoma tarakimu, apime kwa kilo pale mizani inaporuhusu, na aandike kizio kando ya kila namba. Hesabu ya dozi ya mtoto irudiwe na mtu wa pili.

Mzazi naye asitaje namba tupu. Aseme "kilo 10" au "ratili 22", na aende kliniki na kipimajoto chake ikiwa hana hakika. Dawa ya maji ipimwe kwa mililita, kwa kifaa kilichokuja nayo, si kwa kijiko cha jikoni.