Kuchagua Mashine ya Kuchomelea Vyuma kwa Kazi Ndogo za Nyumbani

Mwananchi wa Handeni au Korogwe anayetaka kujitengenezea mlango, dirisha la nondo au banda la kuku hukutana na mashine nyingi dukani. Kabla hajalipa, tunamshauri azingatie mambo manne.

Kwanza, ukubwa wa kazi. Bomba la mraba lenye unene wa milimita 2 hadi 3 huunganishwa vizuri kwa vijiti vya milimita 2.5, vinavyohitaji takriban ampea 60 hadi 90. Mashine halisi ya ampea 160 inatosha. Mwenye mlango mmoja tu alinganishe kwanza bei ya mashine na ujira wa fundi.

Pili, ukweli wa maandishi. Ampea 200 huambatana na takriban volti 28 kwenye moto wa kuchomelea, yaani wati 5,600. Soketi ya kawaida ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, hutoa wati 2,990 tu. Hivyo basi, mashine inayotegemea soketi hiyo haiwezi kutoa ampea 200, hata kasha lake lidai nini. Mnunuzi asome kibao kilichobandikwa kwenye mashine. Penye asilimia 60, maana yake ni dakika 6 za kazi na 4 za kupumzika katika kila dakika 10.

Tatu, umeme wa nyumbani. Mashine ya inveta ni nyepesi na hutumia umeme kidogo kuliko ya transfoma, ambayo ni nzito lakini rahisi kutengenezwa. Fundi umeme mwenye leseni aiwekee laini yake na swichi ya kujikata. Nyumba ikiwa mwisho wa laini, ambako umeme huweza kuwa hafifu, ichaguliwe mashine inayostahimili volti ndogo.

Nne, usalama na haki. Bei ijumuishe kinga ya uso yenye kioo namba 10 na glavu za ngozi. Chuma chenye zinki kisichomelewe chumbani, kwa kuwa moshi wake huleta homa.

Mlaji aombe mashine ijaribiwe mbele yake, adai risiti ya kielektroniki na dhamana ya maandishi. Akiuziwa bidhaa bandia, atoe taarifa Tume ya Ushindani. Akitilia shaka ubora, aliarifu Shirika la Viwango Tanzania. Risiti ndiyo ushahidi wake wa kwanza, aitunze.