Somo la Mwezi Huu: Mwenye Usonji Aulizwe, Naye Aseme



Zamani, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tulipata mwanachuo aliyeziba masikio kila kengele ilipolia. Hakumtazama mtu usoni, lakini hesabu alizijua kuliko wengi wetu. Neno usonji hatukuwa nalo siku hizo. Tulikaa kikao sisi walimu, tukaamua asipelekwe kwenye mazoezi ya kufundisha, maana madarasa yalikuwa na kelele nyingi. Tulidhani tumemtendea wema. Yeye mwenyewe hatukumwuliza hata neno moja, naye akaondoka chuoni kabla ya mtihani wa mwisho. Jambo hili latusumbua hata leo, ndiyo maana tumechagua somo hili.

1. Usonji ni nini?

Usonji si laana, hauambukizi, wala hautokani na malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, hata mtu akaona, akasikia na kuzungumza na wenzake kwa njia iliyo tofauti. Wako wanaosema sana, na wako wanaoandika au kuonyesha picha tu. Mtoto mwenye usonji huwa mtu mzima mwenye usonji, na baadhi yao hufika vyuo vikuu.

2. Sheria peke yake haitoshi

Tutazame mfano wa Marekani. Mwaka 1973 ilitungwa sheria iliyokataza kuwabagua watu wenye ulemavu katika shughuli zinazopokea fedha za serikali kuu. Kanuni zake zilicheleweshwa, hata mwezi Aprili 1977 watu wenye ulemavu wakaingia katika jengo la serikali mjini San Francisco, wakakaa humo zaidi ya majuma matatu. Kanuni zikatiwa sahihi mwezi huo huo. Mwaka 1990 ikafuata sheria pana zaidi.

Lakini angalieni jambo hili. Huko, mtoto akiwa shuleni, ni wajibu wa shule kumtambua na kumpangia msaada pamoja na wazazi wake. Akiingia chuo kikuu mambo hugeuka: hana budi kwenda ofisini mwenyewe, aeleze hali yake na kuomba anachohitaji, kama vile muda zaidi wa mtihani au chumba kisicho na kelele. Ambaye siku zote alisemewa na wengine, atasemaje siku hiyo?

3. Mafunzo ya uongozi

Mwaka 2006 watu wenye usonji walianzisha shirika lao, Autistic Self Advocacy Network. Mwaka 2012 shirika hilo lilianza kuwakusanya wanavyuo wenye usonji, wakati wa kiangazi, kwa mafunzo ya uongozi huko Washington. Walijifunza historia ya kudai haki, maana ya sheria, namna ya kuunda chama chuoni, na namna ya kupeleka hoja kwa wakuu wa vyuo na kwa watunga sheria. Kisha walirudi vyuoni kwao wakafanye kazi hiyo. Nia ilikuwa kwamba neno linalowahusu lisiamuliwe bila wao.

Mtu atauliza, “Na asiyeongea je?” Kusema si kwa mdomo tu. Anayeandika, au anayeonyesha kwa kidole, naye amesema.

4. Na sisi je?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Hata hivyo, kijana hujifunza kusema kwanza nyumbani. Tumpe nafasi ya kuchagua, hata kama ni nguo tu. Tukimwuliza, tungoje jibu bila haraka. Tusimjibie mbele ya wageni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuliolala pembeni tumesema vya kutosha.

Maswali ya kuzungumza

(a) Katika mtaa wetu, ni nani tunayemwamulia mambo bila kumwuliza?
(b) Ni kelele zipi katika mikutano yetu tunazoweza kuzipunguza?
(c) Kijana asiyeongea atatoaje maoni yake katika kikao cha vijana?

Tusiyajibu peke yetu. Kama yupo jirani kijana mwenye usonji, tuanze kwa kumwuliza yeye.