Kutazama Picha Mpaka Iguse: Namna ya Kuzuru Makumbusho ya Prado

Hisia za mtu mbele ya picha huchelewa kuja. Jicho hutangulia kuona habari: huyu ni mfalme, hivi ni vita, huu ni msalaba. Likiendelea kukaa hapo ndipo linapoona mkono ulivyokunjwa, kivuli kilipoangukia, mahali rangi ilipopakwa kwa haraka, na moyo ukashtuka. Kufikia wakati huo wageni wengi huwa wameshaondoka. Jeffrey Smith na Lisa Smith waliwapima wageni wa Metropolitan Museum, New York, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2001 wakakuta kila kazi ilitazamwa kwa wastani wa sekunde 27. Nusu ya mara walizopima hazikuvuka sekunde 17. Na kazi zenyewe zilikuwa za wachoraji mashuhuri kabisa.

Makumbusho ya Prado, yaliyofunguliwa Madrid mwaka 1819 kwa hazina ya picha za wafalme wa Hispania, ni mahali pazuri pa kujifunza kutazama kwa namna nyingine. Jambo la kwanza ni kuchagua. Anayetaka kuona kila kitu hatabaki na kitu, kwa sababu mwili uliochoka haugusiki. Uchovu huo si uvivu wa mgeni: mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliueleza kwa picha za mtu anayeinama, anayejikunja na anayenyoosha shingo ili tu aone vitu vilivyopangwa vibaya. Picha tatu au nne kwa ziara moja zinatosha, na muda unaobaki ni wa kukaa kwenye benchi.

Picha ya kuanzia ni Kushushwa Msalabani ya Rogier van der Weyden, mchoraji wa Flanders, iliyokamilika kabla ya mwaka 1443. Imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao za mwaloni. Watu kumi, karibu kwa ukubwa wao halisi, wamebanana kwenye nafasi finyu yenye ukuta wa dhahabu. Hakuna mlima, hakuna anga, hakuna mji wa kulipumzisha jicho. Yesu anateremshwa, na mama yake amezimia. Mtazamaji asogee kadiri walinzi wanavyoruhusu, kisha aifuatilie miili hiyo miwili kuanzia kichwani. Mama amejipinda vilevile mwanawe alivyojipinda. Mkono wake umelegea na kuning'inia kama wa mwanawe. Mmoja amekufa na mwingine anapumua, lakini mchoraji amewapa umbo moja. Baada ya hapo yaangaliwe machozi. Van der Weyden aliyachora tone kwa tone, kila tone likiwa na mng'ao wake, nayo yanateremka kwenye nyuso ambazo hazikukunjamana kwa kilio.

Yeyote aliyehudhuria msiba anaijua sura hii: maiti inatolewa nje, mama wa marehemu anaishiwa nguvu, na waliosimama karibu wanamdaka kabla hajafika chini. Ndiyo maana picha iliyochorwa kwa ajili ya kanisa huko Leuven inaweza kumliza Mwislamu wa Pemba sawasawa na Mkatoliki wa Bukoba. Imani humsaidia mtazamaji kuijua habari inayosimuliwa. Anayebeba huzuni ni yule mama na mkono wake uliolegea.

Hapa ndipo ilipo kanuni ambayo mwandishi wa makala haya ameiona ikifanya kazi kuliko nyingine zote: hisia ikishafika, itafutiwe mahali ilipotokea kwenye picha. Kusema "imenigusa" hakutoshi, kwa kuwa maneno hayo yanaifaa picha yoyote duniani. Kusema "huzuni imeanzia kwenye mkono wa mama unaofanana na wa mwanawe" ni kauli ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kuihakikisha, kuikubali au kuipinga. Hisia haipungui kwa kuchunguzwa hivyo. Kwa kawaida huongezeka, maana jicho linalotafuta sababu hukutana na mengine: hata zile pinde ndogo zilizofichwa kwenye nakshi za pembe za juu, alama ya chama cha wapiga pinde kilichoagiza na kulipia kazi hii.

Maelezo ya ukutani yasomwe baada ya kutazama. Faida ya utaratibu huo inaonekana vizuri kwenye picha ya Francisco de Goya ya mauaji ya tarehe 3 Mei 1808. Asiyejua lolote huona usiku, fanusi kubwa chini, askari waliopanga safu wakiwa wametupa mgongo, na mtu mwenye shati jeupe aliyepiga magoti huku amenyanyua mikono yote miwili. Anaona pia kwamba askari hawana nyuso, ilhali kila anayekaribia kufa ana uso wake: mmoja amefumbata mikono akiomba, mwingine ameziba macho. Hofu huanzia hapo, kabla ya kujua jina la nchi. Maelezo yakisomwa hofu hugeuka hasira. Hao ni askari wa Napoleon, na wanaouawa ni watu wa Madrid, siku moja baada ya mji kuinuka dhidi ya Wafaransa. Goya aliichora mwaka 1814, Wafaransa walipokwisha kuondoka. Mtazamaji akirudi kwenye picha na habari hiyo ataona mengine mawili: kiganja cha kulia cha yule mtu kina alama kama ya msumari, na mwili wake ni mkubwa mno, akisimama atawazidi kimo wauaji wake wote.

Si kila picha maarufu italeta msisimko, wala haipasi kulazimishwa. Las Meninas ya Diego Velázquez ya mwaka 1656 huwaacha wengi wakistaajabia akili ya mchoraji. Mfalme na malkia wamo kwenye kioo cha nyuma, Velázquez mwenyewe amesimama na brashi, na bintimfalme Margarita anamtazama anayemtazama. Kustaajabu nako ni hisia. Anayejilazimisha kulia hapo kwa sababu kitabu kimeisifu picha anajinyima hicho alichokipata kwa haki.

Chumba kigumu kuliko vyote ni kile cha Michoro Meusi ya Goya. Ni kazi 14 alizozichora kati ya mwaka 1819 na 1823, akiwa mzee na kiziwi, moja kwa moja kwenye kuta za nyumba yake nje ya Madrid. Hakuna aliyemwagiza, na majina tunayoyatumia leo yalitolewa na watu wengine. Picha ya Saturn anayemla mwanawe hutisha papo hapo, na pengine kwa sababu hiyo hukinaisha upesi. Picha iitwayo Mbwa ni kinyume chake. Kichwa kidogo cha mbwa kimechomoza nyuma ya mteremko wa kahawia, na juu yake kuna uwazi mkubwa wa rangi ya manjano iliyofifia, usio na kitu. Mbwa ametazama juu. Wapo wanaoona anazama, wapo wanaoona anamsubiri mtu, na macho yake hayamkanushi yeyote kati yao. Upweke wa picha hii unatokana na vipimo vyake: kichwa kiko chini kabisa, na sehemu kubwa ya picha imeachwa wazi.

Hapa tena maarifa yanadai nafasi yao. Kuanzia mwaka 1874 Salvador Martínez Cubells aliibandua michoro hii ukutani na kuihamishia kwenye turubai. Rangi nyingine ilipotea, na yeye akapaka upya sehemu fulani. Kwa hiyo uwazi unaomhuzunisha mtazamaji wa leo huenda si wote uliotoka mkononi mwa Goya. Hilo halimlazimishi mtu kuifuta huzuni yake. Linamtaka aseme kwa uangalifu ni nani aliyeisababisha.

Hisia hizi husahaulika haraka, na Prado hairuhusu kupiga picha vyumbani. Ni katazo la kushukuriwa, kwani linamlazimisha mgeni aandike. Daftari dogo na penseli vinatosha: jina la picha, kitu kimoja kilichomshika, mahali kilipo kwenye picha, na kilichobadilika baada ya kusoma maelezo. Yaandikwe palepale, kabla ya kuingia chumba kinachofuata. Kushushwa Msalabani, Tatu Mei na Michoro Meusi vyote viko ghorofa ya chini, na kuingia ni bure saa mbili za mwisho: Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni, Jumapili kuanzia saa kumi na moja. Kwa picha tatu, muda huo unatosha.