SOMO LA NYUMBANI: KIBABA NA KIHENGE



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya usafi wa jikoni na malezi ya watoto. Leo tumeona yafaa tuingie mahali ambapo mgeni haingizwi, nako ni chumba cha akiba. Sebule humwonyesha mgeni vile tunavyotaka kuonekana, lakini kihenge hutuonyesha sisi wenyewe jinsi tunavyoishi. Somo letu lina neno moja tu: KUPIMA. Nyumba isiyopima chakula chake hula vizuri mwezi wa Julai, na mwezi wa Februari hulala na njaa.

Somo hili si la akina mama peke yao. Akina baba wasifunge jarida hapa. Mahindi mengi hayamalizwi na mwiko wa mama, bali huondoka kwa mlango wa mbele, juu ya baiskeli ya baba, kwenda kuuzwa.

Kipimo cha wasafiri wa zamani

Sisi wa Ntalikwa na Tabora yote tunaishi katika njia ya misafara. Miembe mikubwa tunayopumzika chini yake ni ukumbusho wa njia ile. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe walitembea miezi kadhaa wakiwa na mizigo mabegani. Wangewezaje kufika kama kila mtu angekula apendavyo? Walipewa posho, na posho ilipimwa. Kwa kawaida mpagazi alipimiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama robo tatu ya kilo hivi. Kiongozi wa msafara aliyeshindwa kuhesabu vibaba vyake alikimbiwa na watu wake njiani.

Hata Dakta Livingstone, aliyekaa karibu nasi pale Kwihara mwaka 1872, alikuwa na hesabu zake za nyumbani. Stanley alipoondoka mwezi wa Machi, mzee yule alibaki akingoja wapagazi, akaondoka tarehe 25 Agosti. Katika kungoja kule hakukaa bure. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alikuwa akitengeneza jibini kwa ajili ya safari. Maziwa hayakai, lakini jibini hukaa. Basi mtu mwenye safari mbele yake hutengeneza leo kile atakachokula kesho. Na sisi, ndugu wasomaji, kila mwaka tuna safari kutoka mavuno hadi mavuno.

Mwaka wetu wa aibu

Tuseme kweli kuhusu sisi wenyewe. Tulipomaliza chuo cha ualimu na kupata nyumba yetu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulivuna mahindi mazuri sana. Tukafanya kama wazazi wetu walivyofanya: tukapanga mahindi darini juu ya jiko, pamoja na maganda yake, ili moshi uyalinde. Tukauza magunia kadhaa mwezi wa Julai, tukanunua viti vinne na kitambaa cha meza. Hatukupima kilichobaki. Kwa macho, dari lilikuwa limejaa.

Mwezi wa Januari tulianza kusikia sauti darini usiku, kama mtu anayetafuna taratibu. Tulipoyashusha mahindi, unga ulitumwagikia mabegani. Punje zilikuwa na matundu, na magunzi yalivunjika mkononi. Bibi yetu, aliyekuja kututembelea, aliokota hindi moja, akalipuliza, akatuuliza:

“Wajukuu zangu, mlivuna magunia mangapi?”

Tukamjibu, “Mengi, Bibi.”

Akasema, “Mengi si hesabu. Ninyi ndio walimu?”

Mwaka ule baiskeli yetu ya kwendea shuleni iliuzwa, ikageuka kuwa debe za mahindi. Mchana tulikuwa tukifundisha watoto wa watu hesabu za magazijuto, na jioni tulikuwa tukiwaza watoto wetu wale nini. Vile viti vinne tulivikalia na njaa.

Mdudu aliyeanzia kwetu

Baadaye tulielewa kwamba hatukuwa peke yetu. Mdudu yule ni dumuzi, ambaye wengine walimwita Skania kwa nguvu zake. Asili yake ni nchi za Amerika ya Kati. Katika Afrika nzima, alitambuliwa kwanza hapa mkoani Tabora, mwaka 1981. Wataalamu walipopima maghala ya wakulima, waliona kwamba katika mengine karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi ilipotea kwa miezi mitatu hadi sita tu. Tangu hapo dumuzi amesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Hupenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, na mihogo mikavu pia. Kwa hiyo desturi nzuri ya wazee, ya kuweka mahindi na maganda darini, haitoshi tena kwa adui huyu. Wazee hawakukosea. Mdudu huyu hawakumjua.

Yatupasa basi kufanya mambo manne:

1. Kukausha. Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kuyajaribu, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa, kisha acha kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka chini yote, yamekauka.

2. Kupukuchua na kupepeta. Punje zikitengwa na gunzi, dumuzi hufanya kazi kwa shida zaidi. Ondoa zilizovunjika na zilizooza.

3. Kuhifadhi. Iko mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa. Hewa ikiisha ndani, wadudu hufa. Wasiokuwa na mifuko hiyo watumie dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, iliyonunuliwa katika duka linaloruhusiwa, kwa kipimo kilichoandikwa. Tusithubutu kutumia dawa ya pamba au ya tumbaku kwenye chakula. Watu hufa kwa kosa hilo.

4. Kuinua. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na uyakague kila baada ya wiki mbili.

Neno moja zaidi juu ya ukungu. Karanga na mahindi yaliyovundwa huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Karanga yenye ukungu isitiwe katika uji wa mtoto kwa kusema “tusipoteze.” Kuitupa hiyo ndiyo akiba.

Hesabu ya nyumba ya watu sita

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme nyumba ina baba, mama, bibi na watoto watatu. Kwa ugali na uji, nyumba hii hutumia kama kilo 2 za unga wa dona kwa siku.

Kwa mwezi: kilo 2 × siku 30 = kilo 60.
Kwa mwaka: kilo 2 × siku 365 = kilo 730.

Hayo ni zaidi ya magunia 7 ya kilo mia. Ongeza kwa ajili ya wageni, misiba na hasara ndogo, tufanye magunia 9. Wanaokoboa sembe waongeze zaidi, kwa kuwa pumba huondoka na sehemu ya chakula. Basi ikiwa tumevuna magunia 12, ya kuuza ni 3 tu, si 6, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi. Atakayeuza 6 mwezi wa Julai atanunua 3 mwezi wa Februari, na kwa bei nyingine kabisa.

Tukumbuke Yusufu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41. Hakuomba tu mvua. Alitenga sehemu moja ya tano katika miaka ya shibe, akaiweka chini ya ulinzi. Kuhesabu chakula hakupunguzi imani.

Jikoni pawe na kopo moja la kupimia, lisitumike kwa kazi nyingine. Hicho ndicho kibaba chenu. Siku ya Mwaka Mpya, baba na mama wafungue kihenge pamoja na kupima. Kwa nyumba hii ya watu sita, yabaki magunia 3 ya kufika Mei. Yakiwa pungufu, mwanzo wa Januari bado pana nafasi ya kujipanga kwa kuongeza viazi na mihogo kabla njaa haijafika.

Vyakula vya kupunguzia mzigo wa mahindi

Wanyamwezi hawakungoja kufundishwa akiba. Viazi vitamu vikimenywa, vikikatwa vipande na kuanikwa, ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza kisha vikaanikwa, ndiyo matobolwa. Nyumba inayochemsha michembe asubuhi mara tatu kwa wiki huokoa unga mwingi wa uji.

Majani ya kunde yakichemshwa kidogo na kuanikwa huwa nsansa. Yaanike kivulini penye upepo, maana jua kali huharibu vitamini A. Kwa watu sita pika hivi:

Nsansa vikombe 3, karanga zilizotwangwa kikombe 1, kitunguu 1, nyanya 2 kama zipo, chumvi kiasi.

Osha nsansa, loweka katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa saa moja, kisha chemsha mpaka zilainike. Tia kitunguu na nyanya. Koroga karanga katika maji kidogo, mimina polepole, punguza moto, na koroga kwa dakika kumi zisishike chini. Chakula hiki kina nguvu, na hakihitaji mafuta ya dukani.

Kuni nazo zina kibaba chake

Misitu yetu ya miombo ndiyo inayowapa nyuki wa Tabora maua, na sisi asali. Kila kuni inayoteketea bure ni hasara ya nyumba na ya msitu. Loweka maharage usiku. Funika sufuria. Pasua kuni ndogo na uzikaushe. Jenga jiko la udongo badala ya mafiga matatu yaliyo wazi, na dirisha la jikoni liwe wazi ili moshi usikae vifuani mwa mama na mtoto. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mpango wa miaka kumi, wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wenye uwezo wa gesi waanze. Wasio na uwezo waanze na kifuniko cha sufuria.

Kupamba bila deni

Je, nyumba ya kupima ni nyumba isiyo na uzuri? Hapana. Udongo wa kichuguu uliochekechwa, ukikandwa vizuri, huziba nyufa ambamo kunguni na dumuzi hujificha. Paka ukuta udongo mweupe, na chini, kimo cha goti, paka udongo mwekundu ili matone ya mvua yasionekane. Mabaki ya vitenge yaliyoshonwa pamoja hufanya pazia zuri. Kazi hii ifanywe kabla ya kuingiza mavuno, na wavulana wasaidie sawa na wasichana. Mkono wa mvulana haupungui kwa kukanda udongo wala kwa kuosha vyombo.

Sisi vile viti vinne bado tunavyo. Kimoja kimefungwa kamba mguuni. Hatukuvitupa, kwa sababu vinatukumbusha kwamba tulinunua mahali pa kukaa kabla ya kujua tutakula nini. Siku hizi kopo letu la kupimia huning'inia ukutani juu yake. Wajukuu wakiuliza kwa nini lisitumike kunywea maji, tunawaeleza habari ya Bibi na dari lile. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichopimwa hulinda kihenge.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Nyumbani kwako ni nani anayeamua mahindi yauzwe lini, na kiasi gani? Je, anayepika huulizwa?
2. Nyumba yako hutumia kopo ngapi za unga kwa siku? Piga hesabu ya mwaka mzima.
3. Soma Yohana 6, habari za kulisha watu elfu tano. Kwa nini Bwana Yesu aliagiza vipande vikusanywe, naye ana uwezo wa kuzidisha mikate?
4. Katika mtaa wetu, ni nyumba gani itakayopungukiwa ifikapo Februari? Twaweza kutenga nini tangu sasa, ili jirani asiuze baiskeli yake?

Kazi ya nyumbani: Kabla ya somo lijalo, kila nyumba itafute kopo lake, na ifanye jaribio la chumvi kwa mahindi iliyonayo. Njooni na majibu.

Mwalimu mstaafu, Ntalikwa