SOMO LA TAWI: MZANI WA HEWA



Mchumaji wa chai akifika kwenye kituo cha kupimia, husimama karibu na mzani. Hakubali kutajiwa kilo zake bila kuuona mshale kwa macho yake. Tunafanya hivyo kwa sababu tunajua kuwa asiyeuona mzani hupunjwa. Lakini hewa tunayoivuta kwa saa nane kila siku nayo ina mzani wake, na wengi wetu hatujawahi kuuliza umewekwa wapi. Somo la leo linahusu mzani huo.

1. Hewa ya Rusizi

Wilaya yetu ina viwanda vya namna mbalimbali. Bugarama kuna CIMERWA, inayotengeneza saruji tangu mwaka 1984. Kiwanda kipya kilicho kikubwa zaidi kilizinduliwa mwaka 2015. Gishoma kuna kituo cha umeme kilichojengwa kuchoma nyiramugengeri, yaani ule udongo wa kinamasi unaowaka. Shagasha kuna kiwanda cha chai.

Kila kazi ina uchafu wake. Saruji huanza kwa mawe ya chokaa na udongo kuchomwa katika tanuri hadi joto la nyuzi 1,450; hapo hutoka vumbi, gesi za salfa, gesi za nitrojeni na kaboni. Nyiramugengeri huacha majivu mepesi yanayoruka. Kwenye kiwanda cha chai kuna moshi wa tanuri la kukaushia, na katika chumba cha kuchambulia kuna vumbi la majani.

Tena tukumbuke umbo la nchi yetu. Bonde la Bugarama ndilo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, na limezungukwa na milima. Usiku hewa ya baridi huteremka kutoka milimani na kulala bondeni, na hewa ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi wa alfajiri hauna pa kwenda. Jua likipanda, kifuniko hufunguka. Basi kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi na kipimo cha saa nane mchana si kitu kimoja.

2. Vumbi lisiloonekana

Vumbi linalotuudhi ni lile tunaloliona likitua juu ya nguo. Lakini linaloharibu mapafu zaidi ni lile tusiloliona. Wataalamu hulipima kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe kubwa hukwama puani na kooni, tukazitema. Chembe zilizo chini ya maikroni 10 hupita, na zile ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Vumbi la mawe yenye silika likivutwa kwa miaka huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponya. Kwa hiyo kusema "leo hakuna vumbi, hewa ni safi" si kipimo.

3. Hewa hupimwa mahali patatu

Kwanza, ndani ya bomba la moshi, ili kujua kiwanda kinatoa nini. Pili, nje, katika makazi ya jirani, ili kujua watoto wetu wanavuta nini. Tatu, kifuani pa mfanyakazi: pampu ndogo hufungwa kiunoni, na mpira wake hupandishwa hadi kwenye ukosi wa shati, karibu na pua. Hewa hupita kwenye karatasi ya chujio, na chujio hupimwa uzito kabla na baada ya kazi.

Tufanye hesabu. Tuseme pampu inavuta lita 2 kwa dakika, kwa saa 8, yaani dakika 480. Jumla ni lita 960, ambazo ni mita za ujazo 0.96. Chujio limeongezeka miligramu 4.8. Tukigawa 4.8 kwa 0.96 tunapata miligramu 5 kwa kila mita ya ujazo.

4. Mtego wa wastani

Sasa tuiangalie hiyo 5 vizuri. Mfanyakazi mmoja anaweza kuvuta 5 kutwa nzima. Mwingine anavuta 1 kwa saa saba, kisha anatumwa kufagia chini ya kinu kwa saa moja na kuvuta 33. Jumla ni 40. Gawanya kwa 8, unapata 5 ile ile. Karatasi inasema wako sawa, lakini mapafu hayasemi hivyo.

Vivyo hivyo, kipimo cha siku ambayo kinu kimesimama ni cha kweli kwa siku hiyo tu. Pampu iliyofungwa kwa karani haielezi habari za mpakiaji wa mifuko. Na bomba linaweza kuwa safi huku vumbi likimwagika kwenye mikanda ya kusafirishia. Tarakimu bila mahali, saa na kazi iliyokuwa ikifanyika haina maana.

5. Kwa nini vipimo ni silaha

Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014, na sumu ya risasi iliingia katika miili ya wakazi. Walipokwenda mahakamani walikuwa na vipimo vya damu na vya udongo mikononi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, lakini mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha. Malalamiko peke yake yasingefika mbali hivyo.

Sisi nasi tuna sheria. Sheria namba 18/2016 inahusu kulinda ubora wa hewa nchini Rwanda na kuzuia uchafuzi wake, na mamlaka ya mazingira ni REMA. Mwaka 2018 Rwanda iliridhia Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa. Mkataba huo unataka wajumbe wa wafanyakazi wapewe habari za hatua za usalama, na unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu ya haki ya kuamini kuwa pana hatari kubwa iliyo karibu.

6. Kazi ya tawi

Kila tawi liweke daftari. Mjumbe aandike tarehe, saa, sehemu ya kazi, mashine ipi ilikuwa ikienda, upepo ulielekea wapi, na nani alikohoa au kuumwa macho. Kipimo kitakapofanywa, mjumbe aombe kuwapo, kisha alinganishe karatasi na daftari. Zikipingana, apeleke zote mbili kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya.

Tusisahau pia mpangilio wa madai. Kwanza vumbi lizuiwe linapotokea: mikanda ifunikwe, maji yanyunyizwe, vichujio vitengenezwe. Barakoa ni kinga ya mwisho, na kitambaa cha kawaida hakizuii chembe ndogo.

MASWALI YA KUJADILI
(a) Katika sehemu yako ya kazi, ni saa ipi yenye vumbi jingi kuliko zote? Nani huwa hapo?
(b) Hewa ilipimwa lini mara ya mwisho, na pampu ilifungwa kwa nani?
(c) Nani atashika daftari la tawi, na nani wa zamu ya usiku?

Swali la tatu lijibiwe kwa majina kabla ya kikao kufungwa.