Jiwe Moja la Bahari: Somo la Kutambua Viumbe

Katika mafundisho ya Sayansi, aghalabu sisi walimu hukimbilia kutaja jina la kiumbe kabla ya wanafunzi kumtazama. Madhara ya desturi hiyo tuliyaona wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya pwani. Mwalimu mwanafunzi aliweka jiwe la matumbawe katika beseni la maji ya bahari, akaonyesha kitu laini chenye minyiri mingi, akasema, "Hili ni ua la bahari." Punde mtoto mmoja akadondosha kipande cha dagaa. "Ua" likakishika na kukimeza. Darasa likacheka. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Je, ua hula nyama? Basi huyu ni nini?" Hapo ndipo somo lilipoanza.

Yafaa kuchagua jiwe lililolegea, la ukubwa wa ngumi mbili, wakati maji yamekupwa. Beseni likae kivulini. Wanafunzi watazame na kuchora kwa dakika 10, kisha wajiulize:

1. Je, ana miguu yenye viungo? Kaa na kamba wamo katika kundi hili. Kaa ana miguu 10, magando yakihesabiwa. Kwa hiyo si mdudu, kwani mdudu ana miguu 6.

2. Je, mwili wake ni mrefu, wenye pingili, bila miguu yenye viungo? Huyo ni mnyoo.

3. Je, ana mwili laini ndani ya kombe? Ni jamii ya konokono na chaza.

4. Je, ana mikono 5 iliyotoka katikati ya mwili? Ni jamii ya kiti cha pweza.

5. Je, ameshikamana na jiwe, na mdomo wake umezungukwa na minyiri? Ni ndugu wa matumbawe yenyewe.

Mwalimu hana budi kuonya kwamba kiumbe yeyote asiguswe kwa mkono. Baadhi ya minyoo ina vinywele vinavyowasha kama upupu. Na miongoni mwa konokono wenye kombe la umbo la pia, wamo wenye sumu iwezayo kumwua mtu.

Somo likiisha, jiwe lirudishwe lilipotoka kabla maji hayajajaa, upande wa chini ukiwa chini vile vile. Jina lisilojulikana si aibu kwa mwalimu. Aibu ni kulibuni.