Kusoma Alama za Mipira ya Motokaa za Zamani

Ubavuni mwa mpira wa motokaa huandikwa namba ambazo watu wengi huzipita bila kuzitazama. Mwenye motokaa ya zamani hana budi kuzijua, kwa maana mpira usiolingana na ringi waweza kuchomoka njiani na kuua watu.

Kwanza, namba za kale. Mipira ya nyuma ya Ford Model T iliandikwa 30 x 3½. Namba 30 ni inchi za kimo cha mpira mzima, toka ukingo hata ukingo. 3½ ni inchi za unene wake. Ukitaka kujua ukubwa wa ringi, toa unene mara mbili: 30 kutoa 7, yabaki 23.

Pili, desturi iligeuka. Ford Model A ya mwaka 1928 na 1929 ilivaa mpira wa 4.50-21. Hapa unene hutangulia, na namba ya pili ni ringi yenyewe. Mwaka 1930 ikapewa mpira wa 4.75-19. Basi motokaa mbili za jina moja haziazimani mipira.

Tatu, umri. Mipira ya namna hiyo hutengenezwa hata leo. Ikiwa mpira una herufi DOT, na umetengenezwa tangu mwaka 2000, alama zake humalizika kwa tarakimu nne: 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Mpira waweza kung'aa kama mpya, kumbe umekaukia dukani.

Kwa hiyo mnunuzi na asome kwanza, ndipo atoe fedha.